Rivolva Ndani ya Aproni

Mume wangu alipouawa sikulia, na nadhani kuna watu hapa Githongo ambao hawajanisamehe mpaka leo. Walikuja matangani na leso zao tayari, wakanikuta nimekaa kwenye kiti cha plastiki nikiuliza kama kuna mtu amewapa ng'ombe maji. Mama mmoja wa kanisani alinishika bega akaniambia, "Lia, mama, usijizuie." Nilimjibu kwamba sijizuii. Ilikuwa kweli. Nilijitazama ndani nikakuta hakuna kitu, nikaendelea kukaa.

Tulikuwa wanunuzi wa ndengu, yeye na mimi. Siku za soko tuliteremka na pikapu hadi Ishiara, kule chini kwenye joto, tukanunua kwa wakulima wa Mbeere, kisha tukapandisha magunia hadi Meru mjini kwa wenye maduka. Asubuhi ile tulikuwa tunateremka, pesa ziko chini ya kiti, tukakuta mawe yamepangwa barabarani. Mume wangu alishuka kuyaondoa. Alikuwa mtu wa kuondoa mawe barabarani hata yasiyomhusu. Walitokea watu wanne vichakani. Wawili walinijia upande wangu, na nilipokataa kuachilia mkoba mmoja akanikata mkono wa kushoto kwa panga. Halafu nikasikia mlio upande wa pili wa gari, mlio mmoja tu. Vidole viwili vya mkono huo havijakunjika tangu siku hiyo, na watu wale hawajapatikana.

Baada ya mazishi, binti yangu, ambaye ni mwalimu Embu mjini, aliona siwezi kuachwa peke yangu kwenye nyumba ile. Akaniachia mtoto wake wa kike, ndiyo kwanza ameanza darasa la kwanza, akamtafutia shule hapa karibu. Sitasema mjukuu alinirudishia furaha, maneno hayo ni ya kadi za pole. Ila mtu lazima aamke ampikie mtoto uji. Lazima mtu atafute soksi ya pili. Na jioni, mtoto alipolala akiwa ameniegemea kwenye kochi na televisheni inaongea peke yake, nilikuwa nahisi joto upande mmoja wa mwili wangu, upande aliolalia yeye. Huko kwingine kote sikuhisi kitu. Nilijua kwamba mtoto huyu akiondoka, hata huo upande mmoja utapoa.

Mambo ya mazishi yalipokwisha nilirudi Ishiara peke yangu. Utauliza kwa nini nisitume pesa kwa simu kama watu wengine. Kanunue ndengu kwa mzee wa Mbeere kwanza, ndipo uje uniulize. Mzee anataka kuziona noti, azinyooshe, azikunje mwenyewe, azitie ndani ya soksi. Ukimwambia ni za simu anafunga gunia lake na kutazama kando mpaka uondoke. Kwa hiyo nilikuwa nateremka na pesa taslimu, mama mmoja, mkono mmoja na nusu, barabara ileile.

Shemeji yangu, mdogo wa marehemu, alikuwa askari mpaka alipostaafu. Ndiye aliyeanza habari ya mguu wa kuku, kama wanavyoiita bastola huku kwetu.

"Shemeji, wewe uko na sababu," aliniambia. "Watu wanaomba leseni na hawana hata alama ya kucha. Wewe uonyeshe tu huo mkono. Ile ndogo, ya kuingia kwa mfuko. Hakuna mtu atajua uko nayo."

Nikasema sawa. Siku hizo nilikuwa nasema sawa kwa kila kitu. Angeniambia ninunue ngamia ningesema sawa.

Binti yangu hakusema sawa. Alikuja Jumamosi, akamtuma mtoto nje acheze, akafunga mlango.

"Mama, ukitaka kubeba, beba. Sitakukataza, mimi sikuwa kwa hiyo gari. Lakini siku mtoto ataigusa, hata kama ni bahati mbaya, hiyo siku namchukua. Na sitaongea mara mbili."

Nilimwambia hataigusa. Tangu dakika ile suala la bastola halikuwa tena suala la majambazi. Lilikuwa suala la kumweka mtoto pale nyumbani, na mambo yote niliyouliza baadaye niliyauliza kwa ajili ya hilo.

Leseni ilichukua muda wake. Nilichukuliwa alama za vidole, nikaulizwa maswali na watu waliokaa nyuma ya meza ndefu, nikapelekwa kwa mwanasaikolojia, kijana mwenye shati jeupe sana. Aliniuliza kama nalala. Nikasema nalala. Kama naota ndoto mbaya. Nikasema sioti kabisa. Kama nina hasira na wale watu. Nikafikiri kidogo, kwa sababu lilikuwa swali zuri, nikamwambia kwamba hapana, sina. Alinitazama kwa heshima.

"Uko mtulivu sana, mama," alisema. "Ni watu wachache wanapitia hayo na wanabaki hivi."

Nilimshukuru. Kumbe kufa ganzi ukiwa umevaa sweta safi kunaitwa utulivu.

Sasa ikabaki kuchagua kati ya bastola na rivolva. Shemeji alitaka nichukue bastola, ile bapa, kwa sababu haijichori kwenye nguo na inameza risasi nyingi. Kwa mtoto, alisema, ndiyo salama zaidi: unaibeba haijakokiwa, chumba cha risasi kitupu, na hata mtoto akiivuta vipi hakitoki kitu. Jambazi akija unaikoki mara moja, kra! Aliniambia kwa mikono yake yote miwili, na mikono yake yote miwili ilikuwa mizima.

Aliyenipa maoni ya pili ni mfanyabiashara mmoja Mwislamu wa Meru mjini, mwenye malori, ambaye alikuwa ananunua ndengu zetu tangu marehemu akiwa kijana. Ameishi na silaha miaka mingi kwa sababu ya safari zake za kwenda mji wa Maua, njia isiyo salama. Nilimkuta ofisini, karibu na msikiti, amevaa kanzu na koti juu yake. Nilijua iko mahali fulani kwenye koti lile. Hakuitoa, wala mimi sikuomba. Sheria haimruhusu kumshikisha mtu mwingine.

"Nimebeba zote mbili, mama," alisema. "Bastola niliiacha. Unajua kwa nini? Mfuko. Watu wanadhani silaha inaharibiwa na vita. Inaharibiwa na mfuko. Jasho, pamba ya nguo, vumbi. Mimi vumbi langu ni la barabara, lakini wewe unafanya kazi ya ndengu. Punje moja ikiingia pale bamba la juu linaporudi nyuma, basi, umeshika chuma tu. Rivolva ni mjinga. Mjinga hasumbuliwi na vumbi kidogo. Unavuta, inalia. Hujavuta, hailii."

"Na mtoto?" nikamuuliza. "Nina mtoto nyumbani."

"Rivolva ni nzito kuvuta. Kidole cha mtoto mdogo kinashindwa. Lakini mama, mtoto ana vidole kumi."

Hayo ya vidole kumi niliyasikia, nikayaweka kando.

Duka la silaha liko Nairobi. Huku kwetu hakuna. Tulienda na shemeji. Kijana wa duka alitandika kitambaa cha kijani juu ya kioo akaziweka mbili sambamba, tupu. Sikushtuka. Nilikuwa nimetarajia kushtuka, kwamba nitauona mtutu na kukumbuka ule mlio, lakini nikaona vitu viwili vyeusi vya chuma, kimoja bapa na kingine chenye tumbo. Tumbo lile ndilo gurudumu la risasi, lenye nafasi tano.

"Tano peke yake!" shemeji akasema. "Na wale walikuwa wanne!"

"Walitumia moja tu," nikamwambia.

Yule kijana wa duka akajifanya anapangusa kioo.

Nilianza na bastola kwa heshima ya shemeji. Ili kuikoki unaishika kwa mkono wa kulia, na wa kushoto unalivuta bamba la juu kwa nguvu kurudi nyuma. Nilivuta. Vidole vitatu vilishika, viwili vikabaki vimesimama kama vya mtu anayekunywa chai kwa madaha. Bamba lilisogea kidogo likarudi. Nilijaribu tena. Kijana akanionyesha namna ya kuiweka karibu na kifua na kusukuma badala ya kuvuta. Nikasukuma. Shemeji akasema labda ni mpya, italegea. Nilimuuliza kama majambazi nao watangoja ilegee.

Basi bastola ningeweza kuibeba salama tu kama singehitaji kuitumia, na kama ningetaka kuitumia ingebidi niibebe imekokiwa tayari, mfukoni, na mtoto nyumbani. Niliisukuma kando, nikaichukua ile yenye tumbo. Haikutaka mkono wa pili. Nilivuta kifyatulio, kilikuwa kigumu, kirefu, mpaka kidole kiliuma kabla ya kusikika "ta". Nikafikiria kidole cha mjukuu wangu, kile anachochovya kwenye sukari. Nikasema, "Hii."

Mkufunzi wa kulenga shabaha alikuwa mwanajeshi wa zamani. Alinisifu sana. Alisema wanaume wanakuja pale na mikono inatetemeka, na mimi mkono wangu haukutikisika hata baada ya mlio wa kwanza. Kabla hatujaachana alinipa masharti. La kwanza, rivolva isikae mfukoni uchi, iwe ndani ya ala ya ngozi inayofunika kifyatulio. La pili, mfuko ule usiingie kitu kingine chochote.

"Kwa hiyo mfuko hakuna funguo, hakuna koini, hakuna peremende," alisema. "Hata punje moja ya hiyo ndengu yako. Na ukiwa kwa umati, mkono wa kulia ukae hapo hapo. Huo wa kushoto ndio ufanye kazi zingine."

Nilipeleka aproni yangu kwa fundi wa cherehani pale sokoni Githongo. Aproni ya mchuuzi ina mifuko miwili mikubwa mbele, na mimi kila mfuko ulikuwa na kazi yake tangu zamani. Wa kulia ni wa sampuli. Mnunuzi wa ndengu anachota mkono mmoja kutoka gunia la huyu, anang'ata punje kujua kama imekauka, zilizobaki anazitia mfukoni aende nazo kwa yule mwingine kulinganisha. Wa kushoto ulikuwa wa mtoto. Kwetu mtu hatoki sokoni akarudi hivi hivi kwenye nyumba yenye mtoto, na mtoto haulizi ameletewa nini. Anakuja mbio anaingiza mkono mfukoni mwenyewe. Bibi yangu alikuwa hivyo na mimi, na mama yangu akawa hivyo na binti yangu. Mfuko wa shosho, yaani bibi, ni wa mjukuu. Hakuna aliyewahi kuona haja ya kulisema hilo. Mjukuu wangu alikuwa anapenda ukwaju wa kule Mbeere, ule wa maganda, anaula mpaka uso unakunjamana na macho yanatoka machozi, halafu anataka mwingine.

Fundi aliuliza nataka nini. Nikamwambia autie mfuko wa kulia bitana imara, na iwe ya kitambaa chororo, kitu kitoke haraka bila kukwama. Hakuuliza kitu gani. Alichukua kipande cha satini kilichobaki kwenye gauni la bibi harusi, akakishona vizuri, mishono miwili.

Sampuli za ndengu zikahamia mfuko wa kushoto. Ukwaju ukahamia kwenye mfuko wa nailoni, nyuma ya kiti cha gari. Nilimkalisha mjukuu wangu nikamwambia kwamba kuanzia leo mikono haiingii tena kwenye mifuko ya shosho. Ukitaka kitu unaomba.

"Kwa nini?"

"Kwa sababu nimesema."

"Ata ukwaju naomba?"

"Hata ukwaju."

Alikubali. Alifikiria kidogo, kisha akaanza kuniomba ukwaju hapo hapo.

Kila nikirudi, kabla ya kusalimia mtu, niliingia chumbani, nikafungua sefu, nikaiweka rivolva ndani, nikafunga. Ndipo nikatoka nikawa shosho. Ilikwenda hivyo vizuri, na mtoto akabaki. Binti yangu alikuwa anapiga simu jioni akiuliza mtoto amekula nini, na chini ya swali hilo lilikuwa lile lingine.

Ishiara ndiko mambo yalipoharibika. Nilifanya kama nilivyofundishwa: mkono wa kulia ndani ya aproni, wa kushoto unafanya kazi. Nilichota ndengu kwa kushoto, zikamwagika kati ya vile vidole visivyokunjika. Nikahesabu noti kwa kidole gumba. Siku moja nilimnyooshea pesa mzee ambaye tulikuwa tunanunua kwake tangu mume wangu akiwa na nywele zote kichwani. Mzee hakuzipokea. Alizitazama zikining'inia kwenye mkono wangu wa kushoto, akanitazama mimi.

"Mama," alisema, "mimi nimekukosea wapi?"

Nilijua kosa langu papo hapo. Mtu mzima hapewi kitu kwa mkono wa kushoto, sembuse pesa yake, sembuse mbele ya watu. Mtoto wa chekechea anajua. Nilitaka kumweleza, lakini ningemweleza nini? Kwamba ule wa kulia umeshika rivolva, na kwamba nimeambiwa kila aliye kwenye umati ni mtu wa kuangaliwa, pamoja na yeye?

"Mkono una maumivu, mzee," nikasema.

"Huo wa maumivu ndio huo unanipea nao. Huo mzima umeuficha."

Watu walicheka kidogo, si kwa ubaya. Mzee hakucheka. Alifunga gunia lake akamuuzia mnunuzi mwingine, mbele yangu, kwa bei ya chini. Nikarudi na pikapu nusu. Nilipaswa kuona aibu, nikajua kwamba nilipaswa, kama vile mtu anavyojua ana miadi mahali. Njia nzima kupanda sikuona chochote ila barabara.

Kufika Githongo ilikuwa inanyesha. Uwanja wote ni matope mekundu, na mimi nilikuwa nimevaa viatu vya kule chini kwenye joto. Nilipofika kwenye ngazi ya mlango nilikaa chini nivivue kwanza, nisipitishe matope chumbani. Hilo tu. Sikuwa nimesahau sefu. Nilikuwa naenda kwenye sefu, lakini kwanza nivue viatu. Nikainama. Nilikuwa nimechoka, nikafumba macho.

Mjukuu wangu alitokea jikoni mbio. Alikuwa na habari kubwa: jino la mbele, lile lililokuwa linacheza wiki nzima, limetoka shuleni, na mwalimu amewaambia darasa zima wampigie makofi. Alikuwa ananieleza hayo yote kwa mkupuo mmoja, amejitupa mgongoni kwangu, na katika furaha ile sharti langu halikuwa na nafasi. Mkono wake uliingia kwenye mfuko wa kushoto. Nilisikia ndengu zikichakacha.

"Hakuna," alisema, na hakukasirika. Alizunguka tu upande wa pili.

Nilihisi aproni ikiwa nyepesi upande mmoja. Ile satini ya bibi harusi ilifanya kazi yake. Ala haikukwama, ilitoka pamoja na kilichokuwa ndani yake. Nilipofumbua macho alikuwa amesimama mbele yangu kwenye matope, ameishika kwa mikono yote miwili, mpini umeelekea kwake.

"Shosho," aliuliza, "hii imevaa kiatu ni nini?"

Na akaanza kuivua kiatu.

Hakuna kilichotokea. Nasema hivyo mapema kwa sababu najua watu wanangoja mlio. Nilimwambia, "Nipe," na sauti yangu ilitoka ya kawaida, nikaweka mkono wangu juu ya mikono yake miwili nikaibana ile ala isitoke, nikaichukua. Alinipa bila ubishi. Kisha alinitazama usoni, na sijui aliona nini, lakini alirudi nyuma hatua moja, na lile pengo la jino likafichwa.

Niliingia chumbani. Ufunguo wa sefu haukuingia kwenye tundu. Nilidhani nimekosea ufunguo, nikaugeuza, nikajaribu tena, ndipo nikaona ni mkono. Mkono wa kulia, ule uliosifiwa na mkufunzi, ulikuwa unatetemeka mpaka begani. Niliogopa. Niliogopa kwa ajili ya lile jua la asubuhi na yale mawe na ule mlio, vyote vikaja pamoja, vimechelewa, nikakaa sakafuni kando ya sefu na rivolva mapajani mwangu.

Hakuna mtu aliyekuwa ameona. Mtoto hakujua ameshika nini. Ningeweza kunyamaza. Nilimpigia simu binti yangu kwa sababu sikuweza kukaa na hofu ile peke yangu, na yeye ndiye pekee aliyekuwa ameijua tangu mwanzo. Nilimweleza yote mpaka habari ya kiatu. 

"Irudishe hiyo kitu, mama," alisema. "Irudishe polisi kesho na mtoto nitamwacha."

"Na Ishiara niende na nini?"

"Usiende Ishiara."

"Nikae nifanye nini?"

Nilijiona nimekaa kwenye kile kiti cha plastiki asubuhi mpaka mtoto atoke shule, kila siku, nikisikiliza nyumba. Miezi yote ile watu walikuwa wananiuliza rivolva au bastola, na hilo ndilo lilikuwa swali rahisi. Nilitaka kusema nitairudisha. Nilifungua mdomo nikakuta nafikiria yale mawe barabarani.

"Nitakuja Jumamosi," binti yangu alisema.

Alikuja na gari la kukodi. Hatukugombana. Alikunja sare ya shule, sweta, zile soksi, na mimi nikawafungia maharagwe na viazi vitamu vya njiani, ingawa Embu kuna viazi vitamu. Shemeji alikuja akasimama uwanjani, akaangalia magurudumu ya gari, akaondoka. Mtoto alikuwa ameambiwa kwamba anaenda kusoma karibu na mama yake. Aliniuliza kama likizo atakuja. Nikamwambia atakuja.

"Muage shosho," mama yake alimwambia, akiwa tayari ameshika mlango wa gari.

Alikuja kunikumbatia, na hatua chache kabla ya kunifikia akasimama. Nilikuwa nimevaa aproni. Aliutazama mfuko mmoja, akautazama mwingine.

"Iko?" aliuliza.

"Haiko. Iko ndani, nimeifungia."

"Kweli?"

Niliingiza mikono yangu yote miwili, mzima na mbovu, nikaigeuza mifuko nje, ule wa ndengu na ule wa satini, ikaning'inia mbele yangu pale uwanjani kama ya mwizi aliyekamatwa na watu. Punje chache zilidondoka kwenye matope. Binti yangu aligeuka akatazama barabara. Mtoto alisogea, akaishika mifuko kwa zamu, akaifinya mpaka chini, akahakikisha.

Ndipo akaniruhusu nimkumbatie, na mimi nikalia.